Hofu ya Baba Angojaye Mtoto

Nasema na ninyi mlioketi na kikombe cha chai mkononi, na ninyi mliokwisha kufunga aproni ya plastiki kiunoni, mkingoja umande upungue kidogo ndipo mtoke kwenda kuchuma. Asubuhi ya leo nataka kusema na akina baba, hasa wale ambao wake zao ni waja wazito. Akina mama, tafadhali msizime redio.

Majuma machache yaliyopita, baada ya Sala ya Jioni, kijana mmoja alibaki kanisani wenzake walipokwisha kutoka. Ni mchumaji wa majani katika shamba moja kubwa upande wa Kericho. Anakaa kambini na mkewe katika chumba kimoja, na mtoto wanayemngojea ni wa kwanza. Aliketi kwenye benchi la nyuma akizungusha kofia mikononi, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa meneja. Nikazima taa moja, nikazima ya pili, bado yupo. Mwishowe akasema, "Pasta, mwanamume naye aweza kushikwa na mimba?"

Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba tangu mimba ya mkewe ilipofika mwezi wa nne, hapati usingizi. Asubuhi tumbo humchafuka, na harufu ya mafuta ya kukaangia humfanya atapike. Wenzake wamegundua, wamempa jina la utani ambalo sitalitaja hapa. Kilo zake zimepungua, nanyi mnajua kwamba mchumaji hulipwa kwa kilo, hata siku mbaya ya mtu husomwa mbele ya wote penye mizani. Lakini jambo lililomsumbua kuliko yote ni hili: jioni mkewe akishika tumbo na kumwambia, "Njoo, anacheza," yeye huchukua kofia na kutoka nje.

Nikamwuliza sababu. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba mama yake alifariki katika kumzaa mdogo wake. Yeye alikuwa na miaka saba. Aliwaona akina mama wakiingia nyumbani, mmoja akatoka kuchota maji, akarudi, kisha kukawa kimya. "Tangu siku ile," akasema, "nikisikia kimya naogopa."

Sasa nitawaambia nililofanya, ingawa naona haya. Nilimwambia kwamba hofu ni upungufu wa imani. Nikamwambia amtegemee Mungu, na kwamba mwanamume ni nguzo ya nyumba. Nikaomba sala fupi, maana saa ilikuwa imekwenda na chakula kilikuwa kikiningoja. Akasema, "Amina, asante Pasta," akavaa kofia yake, akaenda zake gizani.

Usiku ule mimi ndiye niliyekosa usingizi. Maneno yale niliyompa kijana yule, mimi mwenyewe nilipewa zamani, na hayakunifaa kitu.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha theolojia, mke wangu alikuwa nyumbani kwetu upande wa Bomet, na mimba ya kwanza. Katika mwezi wa saba nikapigiwa simu. Nilipofika, baada ya safari ya siku nzima, mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa na akina mama wazee, kimyakimya, kando ya shamba la chai. Alizaliwa amekwisha kufa. Alikuwa mvulana. Uso wake sikuuona. Watu wakanipa pole, wakaniambia ni kazi ya Mungu, nijipe moyo, sisi bado ni vijana. Baada ya juma moja nikarudi chuoni, nikafanya mtihani wa Agano la Kale, nikafaulu vizuri.

Miaka miwili ikapita, mke wangu akapata mimba tena. Kila mtu alifurahi. Mimi nikawa kama mpangaji katika nyumba yangu mwenyewe. Nilipokea kila mwaliko wa kuhubiri: Litein, Sotik, Kapkatet, Silibwet, po pote palipokuwa na mkutano mimi nilikuwapo. Watu wakasema, "Pasta huyu ana bidii." Haikuwa bidii. Nilikuwa namkimbia mtoto. Sikumtaja hata mara moja. Nikilazimika kusema juu yake, nilisema "hiyo hali yako". Nilifikiri kwamba nisipomjua, basi hata akienda hataniumiza. Mke wangu alistahimili mpaka mwezi wa sita, kisha jioni moja akaniambia, pasipo hasira, "Huyu amekwisha kusikia sauti za majirani wote. Ya kwako ndiyo bado."

Wapenzi, nataka tumtazame mwanamume mmoja katika Kitabu cha Waamuzi, mlango wa 13. Jina lake Manoa, mtu wa Sora, wa kabila la Dani. Sisi twamkumbuka mwanawe Samsoni, mwenye nguvu nyingi na busara chache, tukamsahau baba. Mke wa Manoa alikuwa tasa. Malaika akamtokea, akampa habari kwamba atachukua mimba, naye ajihadhari na divai na vileo na vyakula najisi. Akaenda akamweleza mumewe. Basi angalieni alivyofanya Manoa. Hakusema kwamba haya ni mambo ya wanawake. Wala hakusema kwamba Mungu atajua mwenyewe. Alimwomba Mungu amtume tena yule mjumbe, aje awafundishe la kumtendea mtoto. Mtoto hajazaliwa bado, na baba amekwisha kuomba mafundisho! Mlango huo niliusoma mara nyingi chuoni, tena niliuandikia insha, na jambo hilo sikuliona mpaka nilipokuwa mimi mwenyewe baba angojaye.

Mungu akasikia. Lakini mjumbe hakumjia Manoa. Alimjia tena mwanamke, naye alikuwa ameketi shambani, mumewe hayupo. Akina mama wachumaji mnaonisikiliza, mahali penu pametajwa hapo. Yule mama akapiga mbio kumwita mumewe, na walipokwenda, mke alikuwa mbele na Manoa nyuma. Katika nchi yetu mnajua wazee wanavyotembea njiani: bwana mbele na fimbo, bibi nyuma na mzigo. Manoa alitembea nyuma, kwa kuwa katika jambo lile mkewe ndiye aliyeijua njia.

Tena Manoa alikuwa mwoga, na Biblia haifichi. Mjumbe alipopaa katika mwali wa moto wa madhabahu, Manoa alisadiki kwamba sasa watakufa wote wawili kwa kuwa wamemwona Mungu. Ni nani aliyemtuliza? Mkewe. Alimjibu kwa hoja kama wakili: Mungu mwenye nia ya kuua hapokei sadaka ya mtu, wala hamfunulii mambo yake. Hakumwambia kwamba yeye si mwanamume. Aliitwaa hofu yake, akaijibu. Lakini asingeweza kuijibu kama Manoa asingeisema. Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji, alifungwa ulimi miezi yote ya mimba ya Elisabeti. Yeye alifungwa na malaika. Sisi wengine twajifunga wenyewe.

Najua wengine mtasema, Pasta, hizo si desturi zetu. Ni kweli. Zamani katika nchi ya Wakipsigis siku ya kuzaa nyumba ilikuwa ya wanawake. Wakunga waliingia, na mwanamume alikaa mbali. Mtoto akiisha kuzaliwa, akina mama walitaja majina ya wazee waliokufa mpaka mtoto akapiga chafya, nalo jina lililotajwa hapo likawa lake. Kisha alipewa jina la saa yake au la hali ya kuzaliwa kwake: Kiprotich ng'ombe walipokuwa wakirudi, Kibet mchana, Kiprop wakati wa mvua, Kipchirchir yule aliyekuja kwa haraka. Hata hospitali zilipokuja, Wakalenjin hawakushindwa. Aliyezaliwa kwa Wazungu akaitwa Kipchumba. Tenwek kule Bomet ilianzishwa na wamishenari mwaka 1937, na daktari wake wa kwanza, Ernest Steury, alifika mwaka 1959. Bila shaka wako akina Kipchumba wengi waliopitia mikononi mwake.

Mimi siwacheki wazee. Ndani ya nyumba ile mlikuwa na ujuzi mwingi. Na yule mwanamume aliyekaa nje hakukaa peke yake; alikuwa na ndugu zake na watu wa kokwet yake, wazee waliokwisha kungoja mara nyingi kabla yake. Lakini baba wa leo yuko wapi? Yuko kambini, mbali na kwao, jirani upande huu Mkisii, upande ule Mjaluo, mbele Mluhya, watu wema wote, lakini kila mmoja na zamu yake. Mashine za kuchuma zimeingia mashambani, naye hajui kama kazi itakuwapo mwakani. Tumemwondoa katika kundi la wazee waliokuwa wakingoja pamoja naye, na hatujamwingiza ndani. Amebaki mlangoni.

Hata kanisa letu limemwacha hapo mlangoni. Katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 iko ibada fupi ya kumshukuru Mungu baada ya kuzaa. Mama aja kanisani amevaa kwa heshima, apiga magoti, kasisi amwombea. Baba hapewi la kufanya wala la kusema. Zaburi ya 127, ambayo yaweza kusomwa katika ibada ile, yamtaja mwanamume mwenye podo lililojaa mishale, basi tuseme amepita dirishani. Na leo je? Akina mama wa Mothers' Union humtembelea mja mzito na sukari na maombi. Sisi wanaume wa KAMA tukikutana, husema juu ya mabati ya kanisa, bonasi ya majani na bei ya mbolea. Sijapata kumsikia mtu akisimama na kusema, "Ndugu, mke wangu ana mimba nami naogopa."

Nao waogopao ni wengi. Mwaka 2010 wachunguzi wawili wa Marekani, Paulson na Bazemore, walikusanya taarifa za uchunguzi 43 uliofanywa katika nchi mbalimbali. Wakaona kwamba kati ya miezi ya kwanza ya mimba na mwaka wa kwanza wa mtoto, baba mmoja hivi katika kila 10 hushikwa na ugonjwa wa huzuni. Kichefuchefu cha yule kijana nacho madaktari wanakijua. Wako wanaume wa mataifa mengi ambao tumbo hushiriki mimba ya mke. Si uchawi, wala si uzembe wa kazi. Ila wengi hawaendi kwa daktari. Huenda kwenye chang'aa, au huenda, kama mimi, kwenye mikutano ya Injili.

Nawarudisha kwenye habari yangu. Baada ya neno lile la mke wangu, nilikwenda naye kliniki. Mabenchi yalijaa akina mama, mwanamume ni mimi peke yangu, nao walinitazama kama mtu aliyekuwa akienda kwenye josho la ng'ombe akapotea njia. Zamu yetu ilipofika, sista akachukua kile kipembe cha kusikilizia mtoto. Kilibuniwa na daktari Mfaransa, Adolphe Pinard, mwaka 1895, na hata leo chafanya kazi pale ambapo hakuna umeme. Alisikiliza yeye kwanza. Kisha akaniambia, "Baba, njoo nawe." Akanionyesha: weka sikio, kisha ondoa mkono, kishike kwa sikio tu, usipumue kwa nguvu.

Mwanzoni nilisikia mapigo ya damu yangu mwenyewe. Kisha, chini yake, nikasikia kitu kingine: mbio za haraka, ndogo, kama mtoto anayekimbia peku juu ya mbao za daraja. Nikainuka nikamwambia sista kwamba moyo wake unakwenda mbio mno, ni mgonjwa. Akacheka. Moyo wa mtu mzima, akasema, hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, lakini wa mtoto tumboni hupiga mara 110 hadi 160. "Huyu si mgonjwa, baba. Huyu ana kazi nyingi."

Usiku ule niliweka mkono wangu juu ya tumbo la mke wangu kwa mara ya kwanza. Sikujua la kusema. Mhubiri mzima, sina neno! Mwishowe nikajitambulisha kama tufanyavyo mikutanoni: jina langu ni fulani, kazi yangu ni hii, nimeokoka, natoka mahali fulani. Mke wangu alicheka mpaka mtoto akapiga teke. Nikalisikia teke lile mkononi mwangu. Kisha nikamweleza mtoto habari za kaka yake, yule tusiyepata kumwona akikua. Hapo tulilia wote wawili pamoja, miaka miwili baada ya mazishi ambayo sikuyahudhuria. Katika Zaburi ya 139 mwimbaji akiri kwamba Mungu alimwona alipokuwa bado hajakamilika umbo. Usiku ule niliamini kwamba Mungu aliuona uso nisiouona mimi.

Msidhani hofu iliisha. Iliongezeka! Maana sasa nilimjua mtu wa kumwogopea. Lakini haikunifukuza tena nyumbani. Ilinirudisha mapema. Msichana yule alizaliwa salama, na sasa yuko sekondari, ambako amejifunza kubishana na baba yake.

Wengine mtauliza kama ni kweli mtoto tumboni husikia. Ni kweli. Kwa kawaida mama huanza kumsikia akicheza karibu na mwezi wa tano, na mwenye mimba ya kwanza huweza kuchelewa kidogo. Mkono wa baba husikia baadaye, majuma kadhaa. Na kufika kama mwezi wa sita masikio ya mtoto yamekwisha kuanza kazi. Sauti aisikiayo kuliko zote ni ya mama, kwa kuwa yampitia mwilini, na mwaka 1980 wachunguzi walionyesha kwamba hata siku za kwanza baada ya kuzaliwa aitambua. Sauti ya baba yatoka mbali, kama mtu aitaye kutoka ng'ambo ya bonde. Siwaahidi kwamba atazaliwa akiijua, hilo halijathibitishwa. Ninachojua ni upande wa baba. Mtu husema na mtoto kila jioni, miezi mitatu, minne, na siku anapowekwa mikononi mwake hampokei kama mgeni.

Basi Manoa aliuliza la kutenda, nasi tuulize. Nenda kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mja mzito aonwe mara nane au zaidi; wewe mwanamume ukiweza mara mbili tu, nenda hizo mbili. Kile kitabu cha kliniki kilichowekwa chini ya godoro si cha mama peke yake, kitoe, ukisome. Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana na macho yakiona ukungu, uso na mikono ikivimba, homa kali, maji yakivunjika kabla ya wakati, au mtoto akipunguza kucheza au kunyamaza, usingoje kupambazuke. Ndiyo maana nataka uyajue macheza ya mtoto wako. Baba ambaye mkono wake unamjua mtoto hatamwambia mkewe alale tu, kesho atacheza. Yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Tena jua gari litatoka wapi. Mnazijua barabara zetu baada ya mvua ya mawe ya alasiri; usitafute namba ya mwenye gari saa nane ya usiku, na usimbebe mwanamke mwenye uchungu kwa bodaboda kama iko njia nyingine. Tafuta mapema mtu wa kutoa damu akihitajika. Weka fedha kidogo kila ukilipwa majani. Na kwa kuwa NHIF ilikwisha na SHA kuanza Oktoba 2024, hakikisha wewe na mkeo mmeandikishwa na michango imelipwa, wala usingoje kuambiwa dirishani siku ya uchungu. Kikapu cha majani kubeba ni juu yako, kutoka shambani mpaka kituo cha kununulia. Yule mke wa Manoa alikatazwa divai. Mimi kwa mashauri yangu mwenyewe nawaambia akina baba waache chupa pamoja na wake zao, maana kumkataza mtu kitu ambacho kinanuka kinywani mwako ni kazi bure.

Na kuna jambo moja ambalo wanaume wengi hawalijui, au wanalijua wakaona haya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mwanamume aliyeajiriwa likizo ya majuma mawili yenye mshahara kamili mkewe akizaa. Nimekutana na baba aliyeniambia hakuiomba kwa sababu wenzake wangemcheka. Majuma mawili!

Sasa yule kijana. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kambini kwao, mke wangu pamoja nami, katika matope. Mke wangu alitembea mbele. Nikamwomba kijana yule msamaha kwa maneno niliyompa kanisani, nikamweleza habari za mtoto wetu wa kwanza. Hakusema mengi. Lakini mkewe, aliyekuwa akichemsha chai, aliweka sufuria chini. Alijua kwamba mama mkwe wake alifariki zamani. Hakujua alifariki namna gani. Miezi yote ile alidhani mumewe hamtaki mtoto.

Juma lililofuata kijana alimwomba supavaisa wake ruhusa ya asubuhi moja, wakaenda kliniki pamoja. Alimwambia sista yote, hata kile kimya. Naye sista, Mungu ambariki, hakumwambia awe na imani. Alimpima mama shinikizo la damu, akamwuliza maswali mengi, akafungua kitabu, akamwambia kijana, "Lililompata mama yako si urithi utakaomfikia mkeo kwa njia yako. Mkeo ana mwili wake, na huu ndio tutakaoulinda." Kisha akawaonyesha hospitali ya kuzalia, na gari la wagonjwa linakotoka, na jinsi ya kuliita. Nilipoelezwa hayo nilimkumbuka yule mwanamke wa Sora.

Kijana bado huamka usiku. Ananiambia kwamba akiamka, siku hizi hatoki nje. Huweka mkono na kungoja, na mara nyingi mtoto humjibu. Chakula chakaa tumboni. Mkewe yuko mwezi wa nane, na siku ya kuzaa haijafika. Siwezi kuwaambia itakuwaje, wala yeye sikumwambia. Nimempa namba yangu anipigie saa yo yote, na simu yangu sasa hulala karibu na kichwa changu. Naomba mwungane nami kuwaombea.

Bwana Mungu, uliyesikia maombi ya Manoa, wasikie akina baba wanaongoja leo huko kambini na vijijini. Wafungue ndimi. Wakumbuke waliozika watoto wasiowaona. Mlinde mama yule na mtoto wake, na usiku ule utakapofika, gari liwake, barabara ipitike, na taa ya wadi iwe na umeme. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.